Kutoka Kiasi hadi Mantiki: Historia ya Maneno ya Hoja katika Kiswahili

Wanafalsafa wa Kiislamu wa zama za kati, Ibn Sina akiwa mmojawapo, walivihesabu vitabu vya mantiki vya Aristotle kuwa vinane, mbali na utangulizi wa Porphyry uliotiwa mbele yake. Majina ya Kiarabu waliyovipa ni Maqulat, Ibara, Qiyas, Burhan, Jadal, Safsata, Khataba na Shi'r. Mswahili asiyejua hata herufi moja ya Kiyunani akiyasikia majina hayo atadhani ameitwa barazani na jamaa zake. Maqulat ni wa ukoo mmoja na makala. Ibara ndiyo ibara ya katiba, kama inavyotumika katika Katiba ya Tanzania ya 1977. Qiyas ni kiasi. Burhan ni burhani. Jadal ni wa shina moja na mjadala na kujadili. Khataba na hutuba ni ndugu. Na Shi'r ni shairi. Safsata pekee, ambalo ni neno la Kiyunani lililovishwa kanzu ya Kiarabu, halikuvuka bahari. Lakini hata hicho kitabu kilikuwa na jina la pili, Mughalata, na jina hilo limeacha ndugu yake pwani, yaani ghalati.

Mtu mwenye haraka angeweza kuhitimisha kwamba Waswahili wa kale walimsoma Aristotle. Hitimisho hilo lingekuwa ghalati ya wazi. Wanamantiki wa Baghdad hawakuyabuni maneno hayo. Waliyachukua katika usemi wa watu wao, wa sokoni, wa mahakamani na wa msikitini, wakayapa kazi mpya. Maneno yaliyopanda majahazi kuja Lamu, Mombasa, Kilwa na Unguja yalikuwa ni yale yale ya sokoni, mahakamani na msikitini. Kwa hiyo istilahi za mantiki ya Kiarabu na msamiati wa Kiswahili vilichota katika kisima kimoja, wala kimoja hakikukirithi kingine. Swali lenye faida kwa mwanahistoria wa lugha ni hili: Kiswahili kilipoyapokea maneno haya kiliyapa kazi gani, na wataalamu wa karne ya 20, walipohitaji istilahi za kueleza fikira zinazofuatana kwa hoja, waliyakuta maneno hayo wapi?

Swali hili si la udadisi wa kamusi tu. Mwaka 1910 Lucien Lévy-Bruhl alichapisha Paris kitabu chake juu ya utendaji wa akili katika jamii alizoziita za chini, akakifuatisha kingine mwaka 1922. Alidai kwamba watu wa jamii hizo, Waafrika wakiwamo, wanafikiri kwa namna iliyotangulia mantiki, isiyojali kwamba jambo haliwezi kuwapo na kutokuwapo kwa wakati mmoja. Sura nzima ya kitabu cha 1910 ilihusu lugha: kwamba lugha za watu hao zimejaa majina ya vitu vinavyoshikika na zimepungukiwa na majina ya jumla. Baadaye Lévy-Bruhl alianza kuitilia shaka nadharia yake mwenyewe, na daftari zake zilizochapishwa mwaka 1949, miaka 10 baada ya kufa kwake, zinaonyesha jinsi alivyoiacha sehemu kubwa. Lakini rai ilikwisha kutembea mbali kuliko toba yake. Hata leo hukutana mtu na msomi, pengine Mwafrika, anayeshikilia kwamba Kiswahili ni lugha tamu ya ushairi na ya siasa, ila hakifai kubeba hoja kavu. Naye akiulizwa ushahidi hutaja neno fulani la Kiingereza ambalo hakulipata katika kamusi.

Watunga kamusi wa kwanza hawakuwa na nia hiyo. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha lugha ya Unguja kilitoka mwaka 1870, na Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882, walikuwa wachunguzi makini sana. Ila haja yao ya kwanza ilikuwa ni mahubiri na tafsiri ya Maandiko, na haja huamua kinachoonekana. Mfano ulio bora ni ule wa neno la Kiyunani logos, linalofungua Injili ya Yohana. Logos ni usemi, na pia ni hesabu, sababu, hoja, utaratibu wa akili. Katika Biblia ya Kiswahili limekuwa Neno. Uamuzi huo una uzuri wake, kwani neno katika Kiswahili ni tamko na ni jambo pia. Husemwa "si neno" na "hapa pana neno". Hata hivyo, ule upande wa logos unaohusu hesabu na hoja ulibaki nje ya mlango, na msomaji wa Biblia hakupata kujua kwamba palikuwa na upande huo.

Kiasi ndilo neno linalostahili kutazamwa kwanza. Shina lake la Kiarabu lina maana ya kupima, kuweka kitu kimoja kando ya kingine ili kujua ukubwa wake. Wanamantiki walilitumia kueleza namna kauli mbili zinavyowekwa pamoja zikazaa ya tatu. Wanasheria walilitumia kueleza namna jambo jipya, lisilotajwa katika Kurani wala Hadithi, linavyopimwa kwa jambo la zamani lililotajwa. Mfano wanaoupenda walimu wa fikihi ni wa mvinyo: mvinyo umeharimishwa kwa kuwa unalevya, kinywaji hiki kipya nacho kinalevya, basi nacho ni haramu. Pwani ya Afrika Mashariki imekuwa ya madhehebu ya Shafii kwa karne nyingi. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta wenyeji wakiyafuata, na katika madhehebu hayo kiyasi ni chanzo cha nne cha sheria, baada ya Kurani, Suna na ijmai. Wanazuoni wa pwani basi waliijua maana ya kisheria barabara. Lakini wasemaji kwa jumla walilishika neno katika maana ya shina: kiasi cha unga, kiasi cha mahari, kula kwa kiasi, mtu wa kiasi. Hata tahajia ikagawanyika, kiyasi kikawa cha darasani na kiasi kikawa cha dukani. Kutokana na shina hilo hilo kikapatikana kitenzi kukisia, na nomino makisio ambayo siku hizi husomwa bungeni pamoja na bajeti.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Katika Kiarabu cha wanamantiki, qiyas iliyokamilika masharti huleta yakini. Katika Kiswahili, kukisia ni kusema bila yakini. Shina moja limefika ncha mbili zinazotazamana. Si haki kusema kwamba Kiswahili kililishusha neno hadhi. Nahodha anayekisia siku za safari kwa kutazama kusi, au fundi anayekisia urefu wa boriti kwa jicho kabla ya kuchukua kamba, anafikiri kwa utaratibu. Anajua tu kwamba kipimo chake kina mpaka. Watu wa bahari na biashara walikuwa na haja ya kila siku na neno la makadirio yenye msingi, kuliko neno la uthibitisho usio na shaka, ambao mtu huuhitaji mara chache maishani na aghalabu hauupati.

Maneno mengine ya meza ya mwanamantiki yalikwenda njia hiyo hiyo, na yanaweza kutajwa kwa haraka. Qadiyya, kauli inayoweza kuwa kweli au uwongo, kwetu ni kadhia, yaani jambo lililotokea, mara nyingi lenye usumbufu. Ta'rif, uelezaji wa maana ya kitu, imekuwa taarifa. Natija, ambayo ni matokeo ya hoja, imekuwa matokeo yoyote na hata faida. Jins, jina la kundi kubwa lenye aina ndani yake, ambalo Waarabu walilipata kwa Wayunani, ni jinsi, neno ambalo mtoto hulitumia kabla hajafika shuleni. Dalil, hoja inayoongoza kwenye hukumu, ni dalili. Na methali isemayo kwamba dalili ya mvua ni mawingu inaonyesha wazi kwamba Waswahili hawakuliondoa kabisa katika kazi ya hoja. Mawingu si mvua. Ni kitu kinachoonekana ambacho humpa mtu haki ya kusema juu ya kisichoonekana bado. Kwa upande mwingine, ipo methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ambayo haiwezi kukanushwa na tukio lolote, na ambayo mwanamantiki yeyote angeitoa nje ya darasa.

Kundi lenye utajiri zaidi ni lile lililotoka katika elimu ya itikadi. Wanazuoni wa Ash'ari walizigawa hukumu za akili sehemu tatu: wajibu, yaani lile ambalo akili haikubali kutokuwapo kwake, muhali, lile ambalo akili haikubali kuwapo kwake, na jaizi, linaloweza kuwapo na linaloweza kutokuwapo. Mgawanyo huu ndio unaofungua kitabu kidogo cha as-Sanusi wa Tlemcen, mwanachuoni wa karne ya 15, kijulikanacho kama Umm al-Barahin, mama wa burhani, ambacho kimesomwa na vizazi vingi vya wanafunzi katika Afrika. As-Sanusi hutumia neno mustahil mahali pa muhali, nayo yote mawili ni ya shina moja. Msomaji asilichanganye na kustahili ya Kiswahili, iliyotoka katika shina jingine kabisa, lile la ahali, lenye maana ya wale wanaohusika na wanaofaa.

Yatazamwe sasa maneno hayo matatu katika kinywa cha Mswahili. Wajibu ni lile ambalo mtu hana budi kulitenda. Jaizi ni lile linaloruhusiwa au linalofaa kwa desturi. Muhali ni jambo lisilowezekana. Lakini mtu wa pwani akisema, "Naona muhali kumkatalia," hasemi kwamba kukataa kunapingana na akili. Anasema kwamba haya inamzuia. Kwamba mbele ya mtu yule, kwa wema aliokwisha kumtendea, mlango wa kukataa umefungwa. Maneno yaliyopima yawezekanayo na yasiyowezekana kwa akili yamekuja kupima yawezekanayo na yasiyowezekana baina ya watu. Msamiati wa pwani haukutenga mpaka mkali kati ya anayefikiri vizuri na anayekaa vizuri na wenzake. Busara, hekima, na hata razini, neno ambalo katika Kiarabu lina maana ya mtu mwenye uzito na utulivu, yote yanashika pande zote mbili kwa mkono mmoja. Anayetaka kuyatenga ana haki ya kufanya hivyo kwa ajili ya taaluma yake, lakini ajue anatenga kilichokuwa kimoja.

Ngazi za ujuzi nazo zina historia inayowahusu moja kwa moja walimu wa leo. Wanazuoni walipanga hali za akili mbele ya kauli kutoka juu kwenda chini: yakini, kisha dhana, ambayo ni kuelemea upande mmoja bila kuwa na hakika, kisha shaka, ambapo pande mbili zinalingana. Ngazi hizo tatu zote zimo katika Kiswahili. Kurani, katika sura ya 49, aya ya 12, inawaonya waumini wajiepushe na dhana nyingi, na wafasiri wa Kiswahili wameliacha neno lilivyo, kwa sababu wasomaji walilielewa. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 20 wasomi wa vyuo walilitwaa dhana kwa maana nyingine: wazo la jumla linalowakilisha kundi la vitu, kama katika "dhana ya utamaduni" au "dhana ya wakati". Hakuna dhambi katika hilo wala hakuna kukosa hakika. Ajabu ni kwamba kitenzi hakikufuata. "Nilidhani umeondoka" bado ni kauli ya mtu aliyekosea. Kitenzi kimebaki mtaani na nomino imekwenda chuo kikuu. Mwanafunzi anayesoma mawaidha ya kale na kulipa neno hilo maana ya siku hizi atamfanya shehe aliyekuwa akikataza kusengenyana aonekane anakataza falsafa.

Hoja ni neno lililofanya kazi nyingi kuliko yote. Hujja ya Kiarabu ni kithibitisho kinachomnyamazisha mpinzani. Kiswahili kililipokea kama nomino, kisha kikafanya jambo ambalo Kiarabu hakikulifanya kwa namna hiyo: kikalizalia kitenzi kuhoji, na kuhoji si kuthibitisha bali ni kuuliza. Kithibitisho kimegeuka swali. Kutoka hapo yakaja mahojiano, na katika mikono ya watafiti ikaja hojaji. Bungeni neno likapata kazi nyingine tena. Mbunge wa Tanzania hufunga maelezo yake kwa kusema, "Naomba kutoa hoja," na hapo hoja si kithibitisho wala swali; ni pendekezo linalowekwa mbele ya wenzake ili waliafiki au walikatae. Katika Kenya, Kiswahili kilipoingizwa katika Bunge mwaka 1974, hoja ilishika kazi hiyo hiyo, ikiwamo hoja ya nidhamu ambayo mara nyingi ndiyo inayovunja nidhamu. Maana hizi tatu zina uhusiano: hoja ya Mswahili ni kitu kinachotolewa mbele ya watu wengine na kinachongoja jibu. Haikai kichwani mwa mtu mmoja. Husemwa kwamba hoja ni nzito au nyepesi, ina nguvu au dhaifu, na waandishi wa siku hizi wameongeza kwamba ina mashiko au haina, yaani kama ina mahali pa kushikwa.

H. Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alipowatafuta wazee wenye hekima vijijini kuanzia miaka ya 1970, na kuchapisha matokeo mwaka 1990, aliwatenga wale wanaoihifadhi hekima ya jamii na wale wanaoihukumu kwa akili zao wenyewe. Kazi yake aliiandika kwa Kiingereza na alihitaji maelezo marefu kuonyesha tofauti hiyo. Katika Kiswahili ingetosha kusema kwamba kundi la kwanza lina hekima na la pili linaihoji.

Kitabu kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi hoja inavyosimama mbele ya watu ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Karama ameshitakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria. Waziri Majivuno ndiye mshitaki. Utetezi wa Karama ni visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kwa manufaa ya Kusadikika, na waliporudi wakalipwa mateso badala ya shukrani. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama istiara ya ukoloni, na ndivyo kilivyo. Lakini umbo la utetezi wenyewe halijapoteza maana. Karama haanzi na kanuni akashuka hadi kisa chake. Analeta kisa baada ya kisa, anaonyesha kinachofanana katika vyote, kisha anaiacha hukumu ya kesi yake ipimwe kwa hizo zilizotangulia. Hiyo ni kiyasi ya wanasheria, ile ya mvinyo na kinywaji kipya, iliyotumiwa dhidi ya dola. Na mmoja wa wajumbe hao sita anaitwa Buruhani.

Majina ya vitabu viwili vya mwandishi huyo nayo yanafundisha. Wanamantiki wa Kiarabu waliugawa ujuzi sehemu mbili: kukitia kitu katika fikira, na kuisadiki kauli juu yake. Shaaban Robert ameacha Kufikirika, kilichochapishwa mwaka 1967 baada ya kufa kwake, na Kusadikika. Hakuna haja ya kudai kwamba alikuwa akiukumbuka mgawanyo huo. Linalotazamwa ni kiambishi -ik-. Shina ni la Kiarabu, lakini uwezekano, lile wazo la kwamba jambo linaweza kufikiriwa au kusadikiwa ingawa bado halijafikiriwa wala kusadikiwa, umeletwa na mofolojia ya Kibantu kwa silabi moja. Madai ya Lévy-Bruhl juu ya lugha zilizofungwa katika vitu vinavyoshikika hayasimami mbele ya kiambishi hicho.

Kwa kweli, yeyote anayeitafuta mantiki ya Kiswahili katika nomino tu anaitafuta mahali ilipo haba. Vitenzi vya Kibantu vina kiambishi cha kutendua, -u-, na ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya msamiati wa uchanganuzi. Changanya ina changanua. Kilichotata hutatuliwa, na tatizo ni jina la hicho kilichotata. Fumbo lililofumbwa hufumbuliwa. Kitendawili kilichotegwa huteguliwa. Pambanua ni kuvitenga vilivyokuwa vimeshikamana. Karibu na vitenzi hivi viko vile vya kazi ya mikono: chambua, ambayo Unguja na Pemba ni kazi ya kutenga karafuu na vikonyo vyake, na ambayo sasa ni uchambuzi wa riwaya, pembua, ambayo ni kutoa mchanga na pumba, na ambayo imefunga ndoa na neno la Kiarabu katika upembuzi yakinifu wa wahandisi. Elea ni ya kitu kinachokaa juu ya maji kikaonekana. Jambo lililomwelea mtu limepanda juu, na kueleza ni kulipandisha. Picha iliyomo katika vitenzi hivi si ya kujenga mnyororo kutoka kauli hadi kauli. Ni ya kukuta kitu kimekwisha kufungwa, kwa bahati au kwa hila, na kukifungua bila kukikata.

Linabaki swali la zamani zaidi: je, hoja njema ni njema katika lugha zote, au kila lugha ina mantiki yake? Swali hilo lilijadiliwa Baghdad katika karne ya 10, mbele ya waziri Ibn al-Furat, na mmoja wa wasemaji, Abu Sa'id as-Sirafi, alikuwa mtu wa Siraf, bandari ya Ghuba ambayo jahazi zake zilikuwa zikija pwani ya Zanj. Mpinzani wake, Abu Bishr Matta, mfasiri wa Aristotle, alisema kwamba mantiki inahusu maana, na maana ni moja kwa mataifa yote, kama vile nne na nne ni nane kwa kila taifa. As-Sirafi alimjibu kwamba mtu wa Yunani aliitunga mantiki kwa lugha ya watu wake, na si sheria kwa Mturuki, Mhindi, Mwajemi wala Mwarabu. Kisha akamuuliza swali dogo lililomshinda: wa ya Kiarabu, kiungo kidogo kuliko vyote, ina kazi ngapi?

Swali lile likiulizwa juu ya na ya Kiswahili, jibu ni refu. Na huunganisha (Juma na Ali), hufuatanisha (alikuja na mkewe), humtaja mtenda (alipigwa na askari), na humilikisha (ana watoto). Alama moja ya mwanamantiki haiwezi kuzifunika zote. Lakini hilo halimpi as-Sirafi ushindi mzima, kwa kuwa msemaji wa Kiswahili hachanganyikiwi, muktadha humtengea. Vivyo hivyo katika masharti, ambapo Kiswahili kina -ki-, -nge- na -ngali- ndani ya kitenzi chenyewe, na nje yake kina maadamu, iwapo, ijapokuwa na ila. E. O. Ashton katika sarufi yake ya 1944 aliitenga -nge- na -ngali- kwa uangalifu, ingawa wasemaji wengi huzibadilishana. Ipo kazi ya kufanywa hapo kwa wanaofundisha sarufi na falsafa pamoja. Alexis Kagame wa Rwanda aliianza mwaka 1956 alipozipanga ngeli za Kinyarwanda katika makundi manne, umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, yasimame mahali pa kategoria za Aristotle. Wengi wamemlaumu kwa kuichukulia sarufi kuwa ni falsafa. Lawama hiyo ina haki. Hata hivyo inachekesha kuona kwamba Mswahili anayetaka kuitafsiri ukuntu ya Kagame, jina la Kibantu tupu, hukimbilia jinsi, ambalo lilianza safari yake Uyunani.

Kuhusu neno mantiki lenyewe, yapo machache tu ya kusema. Kwa Waarabu linatokana na kutamka, hivyo lina sauti ya logos ndani yake. Kwa Mswahili halina shina la kulitegemea, limekuja zima. Baada ya Kamati ya Lugha ya 1930 na hasa baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa Tanzania mwaka 1967, istilahi za elimu zilitafutwa kwa wingi, na mahali ambapo maneno ya zamani yalikuwa yamekwisha kuajiriwa kwingine palihitajika maneno mapya au ya akiba. Kiasi kilikuwa dukani, kadhia ilikuwa mtaani, taarifa ilikuwa redioni. Mantiki halikuwa na kazi nyingine, na ndiyo sababu lilifaa. Urazini nao ulitolewa katika tabia ya mtu ukapewa kazi ya kuwa uwezo wa akili, na kwa wasomaji wengi haujazoea kiti hicho.

Tatizo ni kwamba mantiki nalo limeanza kutoka darasani. "Maneno yako hayana mantiki" leo huweza kumaanisha kwamba si kweli, hayapendezi, au hayanihusu. Mtaala wa Kenya wa umilisi, ulioandaliwa mwaka 2017, umependelea maneno ya nyumbani, uwazaji kina na utatuzi wa matatizo, na kwa mtoto wa shule ya msingi uchaguzi huo ni mzuri. Mwalimu wa chuo kikuu, hata hivyo, ana haja moja ambayo uwazaji kina hauimalizi. Anaandika ubaoni: kila ndege huruka, mbuni ni ndege, basi mbuni huruka. Wanafunzi hucheka na kusema haina mantiki. Kwa umbo ina mantiki kamili. Kosa limo katika kauli ya kwanza. Wapo wanaoitenga hali hii kwa neno halali, lakini halali inanuka idhini ya sheria. Na sahihi haisaidii, kwani kwa wanafunzi sahihi na kweli ni kitu kimoja. Kitenzi kufuata kinatosha, nacho kimekuwapo muda wote bila kuitwa istilahi. Wakiulizwa, "Ikiwa hizo mbili ni kweli, je, ya tatu inafuata?" hujibu kwamba inafuata. Wakiulizwa, "Je, ni kweli?" hujibu la, na hakuna anayehitaji kubadili lugha kati ya swali la kwanza na la pili.